Battle Circuit: Mbuni Aliyefungiwa Kabatini Miaka 21

Kabla hamjaniuliza: naam, huyo mnayemuona akirusha mateke hapo kwenye skrini ni mbuni. Mbuni wa pinki, kiraka jichoni kama nahodha wa jahazi. Gemu haijaharibika. Ndiye mtu wangu huyo.

Haya, salam aleikum jamaa, karibuni. Niko Kibokoni, Mombasa, feni nimeizima ili mnisikie, kwa hivyo mkiona jasho linanitiririka nistahamilieni. Leo ni Battle Circuit ya Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, mwaka 1997. Ni zile gemu za ngumi mnazozijua: unakwenda kulia, unamtandika kila anayekukabili, mwisho wa njia bosi anakungoja.

Wengi wa rika langu tulikulia na ile tuliyoiita Mustafa. Jina lake hasa ni Cadillacs and Dinosaurs, ya 1993, lakini nani alikuwa na haja ya jina refu hivyo? Kulikuwa na kibanda Mwembe Tayari, mashini moja tu, kitufe cha kuruka kimelegea, na nyuma yako foleni ya watoto wameshika shilingi tano tano wakikuombea ufe. Ile ya pale ilikuwa nakala ya wizi. Hakuna aliyetwambia, na hata tungeambiwa tusingejali.

Basi kwa nini Mustafa ilitufikia na hii haikufika? Nilidhani ni bahati tu, kumbe lilikuwa suala la kufuli. Battle Circuit ilitengenezewa bodi, yaani mtambo wa ndani ya mashini, inayoitwa CPS-2, ambayo Capcom waliianza 1993 hasa kwa sababu walikuwa wamechoka kuibiwa. Programu ya ndani imefichwa kwa msimbo, na ufunguo wa kuisoma umewekwa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri ikifa, ufunguo umekwenda, na bodi yako imebaki kipande cha plastiki. Wanakili walihangaika na kufuli hilo mpaka 2001 ndipo likavunjwa. Na gemu za vibandani kwetu zilikuwa zikipitia mikononi mwa wanakili hao hao! Kisichonakilika, Mwembe Tayari hakionekani.

Halafu ilizaliwa wakati mbaya. Mwaka huo huo wa 1997 ndio Tekken 3, gemu ya mapigano ya 3D, ilipoingia kwenye mashini za sarafu. Watu wameshaona 3D, nani atageuka kumtazama mbuni wa kuchorwa? Capcom wenyewe hawakuitoa kwa mashini za nyumbani hadi Septemba 2018, ilipoingizwa kwenye mkusanyiko wao wa Capcom Beat 'Em Up Bundle pamoja na wenzake sita. Hesabuni miaka. Na hata humo ndani watu wanafungua Final Fight, gemu ya ngumi ya zamani ya Capcom, wanakumbuka utoto nusu saa, wanazima.

Wanakosa, wallahi.

Nyinyi ni wawindaji wa wahalifu kwa malipo, watu watano wa kuchagua, mnaweza kucheza wanne kwa pamoja. Cyber Blue ana umeme, Captain Silver anajivuta mikono kama mpira na kugandisha watu, Yellow Iris ana mjeledi, Alien Green ni mmea wenye jicho moja unaokukumbatia mpaka mifupa ilie. Na mbuni. Hadithi yenyewe ni kuhusu diski ya kompyuta wanayoigombania, Shiva System, msiipotezee usingizi.

Utamu uko kwenye sarafu. Katika gemu nyingi za aina hii unaanza na ngumi zako na unamaliza na ngumi zile zile. Hapa ukimpiga mtu anadondosha sarafu, na steji ikiisha mnapelekwa dukani. Unanunua pigo jipya, au unaongeza uhai. Kwa hivyo yule mtu wako wa steji ya kwanza siye wa steji ya tano: umemlea mwenyewe, kwa pesa yako. Vitufe ni viwili tu, kupiga na kuruka, lakini kila pigo ulilonunua lina mkato wake wa vidole. Ukichanganya unampaisha adui hewani na kumrudia kabla hajagusa chini, mambo ambayo Final Fight ya 1989 haiyajui kabisa.

Na sarafu ni za anayewahi. Nimecheza na mpwa wangu, miaka tisa, mtoto ana adabu zake, anakubusu mkono akiingia. Steji ya kwanza alikuwa ananisaidia. Alipoonyeshwa duka mara moja tu, undugu ukaisha. Mimi napigana na watu watatu huku, yeye anazoa sarafu kule, halafu ananiambia, "Mjomba, we piga tu, mi nafagia." Akanunua mapigo mawili, akayasahau yote, akaenda zake na teke lile lile la kurukia mpaka mwisho.

Lawama ninazo. Huku mbele maadui wanajirudia, na baadhi ya mabosi wana uhai mrefu mpaka mkono unakufa ganzi. Ukifa unajiongezea maisha bure, bila shilingi, na hapo woga wote unatoka. Kibandani kufa kulikuwa na maana, kwa sababu nauli ya kurudi nyumbani ilikuwa mfukoni na ungeweza kuitia kwenye mashini. (Niliwahi. Nilitembea mpaka Makadara.) Dawa yetu ni sheria ya nyumbani: ukifa mara tatu, toa pedi ya kuchezea, mwenzako aingie. Gemu inabadilika papo hapo, watu wanaanza kukwepa badala ya kujitoma tu.

Kucheza mtandaoni kupo, ila mimi nimejaribu usiku mara tatu nikakaa peke yangu kama mtu anayengoja feri iliyoshaondoka. Nunua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwako. Ilitoka ikiuzwa kama dola 20 kwa gemu zote saba, na hushuka bei, kwa hivyo usikimbilie, subiri punguzo. Ukiwa wa kucheza peke yako, Mustafa uliyoizoea inakutosha, sitakudanganya. Mkiwa watatu au wanne, na sahani ya viazi karai katikati, hakuna nyingine kwenye ule mkusanyiko ninayoiweka juu ya hii.

Pedi mzifute mafuta lakini. Yangu moja kitufe cha kuruka kimeanza kunata, nimerudi kule kule Mwembe Tayari.

Niandikieni hapo chini, mtaani kwenu Mustafa mliiitaje?