Programu iliyonificha kwamba nasikika: uzoefu wangu na klasta ya paketi hapa Kigoma

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikijiambia itapoa. Haijapoa. Nimekata koaksi nzima (kebo ya kutoka redioni kwenda kwenye antena) isiyo na kasoro, nimegombana na shemeji yangu ambaye hakuwa na kosa hata chembe, na yote hayo kwa sababu programu moja ya kompyuta iliamua kwamba mimi sina haja ya kujua kama nasikika hewani.

Jina lake silitaji. Ni kazi ya mtu mmoja, anaitoa bure, na huenda akairekebisha. Mke wangu ameshaniuliza kwa nini nalalamikia kitu cha bure. Nikamjibu kwamba koaksi haikuwa ya bure.

Kwa wasiojua shughuli hii: mimi ni mtu wa redio ya ridhaa, nina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jirani zangu hapa Mwanga wanaiita tu redio upepo. Napiga Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kwa wati 50. Antena yangu ni waya uliofungwa upande mmoja kwenye mchikichi na upande mwingine kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba. Starehe yangu ni kuwafikia watu wa mbali, na kitu kinachomwongoza mtu wa namna hii ni klasta, mtandao wa kupashana habari. Ukimsikia mtu wa mbali, unatuma mstari mmoja tu: nani amesikia, kwenye masafa gani, amemsikia nani, saa ngapi. Mstari huo unasambaa kwa wote waliounganishwa. Jambo hili lilianzia kwenye redio ya paketi, inayotuma maandishi kwa vipande vipande, miaka ya 1980, pale Dick Newell, mwenye kolsaini (jina la kituo hewani) AK1A, alipotunga PacketCluster. Siku hizi wengi wanaipata kwa intaneti.

Kwangu intaneti ni ya kubahatisha, na bando likiisha usiku ndiyo basi. Shemeji yangu yuko Ujiji na mtandao wake ni wa uhakika. Kwa hiyo tulikubaliana: yeye anavuta mistari ya klasta kwenye intaneti, kisha anairusha kwangu kwa redio ndogo ya megahezi 144, paketi za biti 1200 kwa sekunde. Modemu sinunui, kadi ya sauti ya kompyuta inafanya kazi hiyo. Biti 1200 utaziona chache, lakini mstari wa klasta ni mfupi, unafika kabla hujamaliza kukohoa. Paketi ikiharibika njiani, upande wangu haukiri kuipokea, na upande wa Ujiji unairudia mpaka ifike. Ukifungulia spika unasikia mlio kama mchele unaopetwa kwenye ungo. Nilipousikia mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje asikilize.

Programu ninayoizungumzia inakaa mwisho wa mnyororo huo. Inapokea paketi, inapanga mistari kwenye dirisha, inaipa rangi kwa bendi, inapiga kengele nchi adimu ikitokea. Na inafanya kazi kwenye kompyuta yangu ya zamani bila kuisumbua. Hilo nalikubali na sitalikana hata nikipandwa vipi.

Sasa jioni yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa juma, msimu wa mvua ukikaribia kwisha. Nilikuwa nimepandisha waya mpya wa bendi ya mita 10. Wenzangu mnajua bendi hiyo: miaka jua likiwa tulivu inakufa kabisa, na miaka jua likichachamaa unawafikia watu wa bara jingine kwa nguvu ya taa ya chumbani. Jua letu hapa Kigoma huchelewa kuzama, karibu saa moja jioni, maana tuko magharibi kabisa mwa nchi na saa tunayofuata ni ile ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo nilijua nina muda. Nikakaa kwenye saa 12 kasoro, nikaanza kuita CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, kwenye kilohezi 28025.

Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikatazama dirisha la klasta: watu wa Afrika Kusini wanaripotiwa, Kenya imeripotiwa, Visiwa vya Kanari. Bendi imefunguka, kila mtu anaongea na kila mtu, mimi hakuna. Mtu wa 5H (ndivyo kolsaini za Tanzania zinavyoanza) akiita CQ huwa hakosi wateja, maana sisi tulioko hewani Tanzania ni wachache na huko nje wanatutafuta. Nikaongeza nusu saa. Hakuna mstari hata mmoja wenye kolsaini yangu.

Saa 12 na nusu nikazima redio. Nikajisemea waya mpya una kasoro, labda maji yameingia kwenye koaksi. Nikaenda kula.

Asubuhi nilipanda mwembe na koleo. Nilikata kipande cha kwanza: shaba inang'aa kama imetoka dukani. Nikakata kwa chini zaidi nikitafuta unyevu. Shaba inang'aa. Nikakata mara ya tatu, karibu na ukuta. Safi kabisa, kavu, nyeupe ya plastiki haina hata doa. Nilishuka na vipande vitatu mkononi bila kujua nini cha kufanya.

Mchana simu ikaita kutoka Tabora. Ni mzee wangu, aliyenifundisha Morse. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema, "Mwanangu, jana ulifunga kituo mapema mno. Watu walikuwa wanakutafuta." Yeye anaangalia klasta kwenye simu ya mjukuu wake. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Hasira ya kwanza ilikwenda Ujiji. Nilimpigia shemeji nikamwambia kiungo chake kinameza mistari, na kama kazi imemshinda angesema mapema. Maneno hayo niliyatamka kwa sauti ambayo shemeji hasemeshwi nayo. Hakujibu. Alikuja jioni kwa bodaboda, kompyuta yake kwapani, akasalimia watoto, akaketi, akafungua kumbukumbu ya kituo chake. Mistari yenye kolsaini yangu ilikuwepo mitatu. Yote imetumwa. Na mbele ya kila mmoja, alama kwamba kompyuta yangu imekiri kuipokea.

Tukafungua kwangu lile dirisha la chini linaloonyesha paketi zilivyo kabla ya kupangwa. Ilikuwemo. Yote mitatu! Wa kwanza saa 1512 za Zulu, saa ya pamoja ya dunia (UTC), wa pili 1519. Hiyo miwili ilitoka kwenye vituo vya Reverse Beacon Network, vile vinavyosikiliza Morse vyenyewe bila mtu na kuripoti nguvu ya mawimbi: kimoja Italia, kingine Ujerumani. (Kwa wanaoanza: ukiona saa ya Zulu, toa tatu, unapata saa yetu ya Kiswahili. 1512 ni saa 12 na dakika 12 jioni. Wazungu wanahesabu vidole, sisi tumerahisishiwa.) Mstari wa tatu, wa 1541, uliandikwa na mtu, wa Ureno. Kwenye nafasi ya maelezo aliweka herufi tatu na alama ya kuuliza: QRT?

QRT maana yake kufunga kituo. Alikuwa ananiuliza, umeondoka? Dakika kumi na moja tu baada ya mimi kuzima redio.

Sikuweza kusema kitu. Shemeji naye alinyamaza, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa kiungo chenyewe.

Tulitafuta mpaka saa nne usiku ndipo tukaikuta. Kwenye mipangilio, ndani ya kurasa za chujio, chini kabisa, kuna kisanduku kinachoficha mistari inayokuhusu wewe mwenyewe. Kimewekwa alama tangu programu inasakinishwa. Hukuulizwa, hukuambiwa.

Nilimwandikia mtunzi. Nilitanguliza salamu, nikampongeza kwa kazi yake, nikamweleza kuhusu Kigoma, kiungo cha Ujiji, koaksi. Jibu likaja la mistari miwili, halina salamu, halina pole. Alisema mtu anayerusha anajua tayari kwamba yuko hewani, kwa hiyo mistari hiyo inajaza dirisha bure, na kwamba mwongozo umeeleza kila kitu.

Hapa ndipo damu ilipochemka. Najua niko hewani! Mkono ni wangu, ufunguo wa Morse ni wangu, umeme nalipia mimi. Nisichokijua ni kama kuna sikio upande wa pili. Mtu wa Berlin ana wenzake mia ndani ya kilomita chache, akitilia shaka antena yake anamwuliza jirani. Mimi jirani zangu wa redio ni shemeji Ujiji, mzee Tabora, na ziwa. Ng'ambo ya maji ni Kongo, juu Burundi, chini kabisa Zambia, na siku nyingi hakuna hata mmoja wa huko aliye hewani. Kwa mtu aliyekaa peke yake namna hii, mstari wenye jina lake ndio pekee unaomwambia waya wake uko hai. Hayo mengine yote kwenye dirisha ni habari za watu. Yeye akachagua kunificha ule mmoja na kunionyesha mia.

Wakati ule ningeipa programu sifuri. Nilishaandika uhakiki wa sifuri, mrefu kuliko huu, nikauhifadhi.

Halafu nikaondoa alama kwenye kile kisanduku. Nikanunua koaksi nyingine, bei sitaji maana mke wangu anasoma. Wiki mbili tatu baadaye, jioni tena, nikaita CQ. Sikusikia mtu. Lakini safari hii kengele ililia na mstari ukatokea kwa rangi nyekundu ukiwa na kolsaini yangu, kutoka Ugiriki. Mikono ilitetemeka. Kwa kuwa nilijua nasikika nilibaki pale pale, nikaita tena polepole. Wa kwanza akajibu. Baada yake waliingia kwa pamoja mpaka nikawa sitenganishi kolsaini, kila mmoja juu ya mwenzake, kama mwalo wa Kibirizi mitumbwi ya dagaa ikitia nanga. Nilijaza karatasi mbili. Jua lilizama, bendi ikaendelea, na aliyeniletea sahani ya ugali na migebuka pale mezani alikaa na mimi akisikiliza, ingawa Morse haijui.

Kwa hiyo ile sifuri niliifuta. Bila programu hii jioni ile isingekuwepo, na nitakuwa mwongo nikisema vingine. Nilipanga kuipa nyota nne. Nilimwambia shemeji hivyo, nikamwomba radhi kwa mara nyingine, akasema yameisha.

Juzi limetoka toleo jipya. Nikalipakua, nikasakinisha, nikakaa kuita. Nusu saa, hakuna mstari wenye jina langu. Nikahisi baridi tumboni. Nikafungua mipangilio, kurasa za chujio, chini kabisa. Alama imerudi. Toleo jipya limeirudisha lenyewe, kimyakimya, baada ya barua yangu, baada ya jibu lake la mistari miwili. Anajua kabisa kuna mtu ilimuumiza.

Nyota mbili. Moja kwa kufanya kazi kwenye biti 1200 na kompyuta chakavu, nyingine kwa jioni ya Ugiriki. Kama unaitumia, usiimbe sifa wala usilaumu antena yako kabla hujafungua zile kurasa za chujio na kutazama chini. Fanya hivyo kila unaposasisha. Na dirisha la paketi ghafi liache wazi siku zote, hata kama linakuchosha macho. Hilo halijawahi kunidanganya.

Yule wa Ureno bado sijampata. Kolsaini yake nimeiandika kwa chaki ukutani juu ya redio, na kila jioni mita 10 ikifunguka naanza kwa kumwita yeye.