Nilikwenda kuona milango, nikajiona mwenyewe

Wapiga picha sita, mada moja: nakshi zinazojirudia katika maumbile na katika majengo. Ukumbi uko Mji Mkongwe, Zanzibar. Jina silitaji, maana hasira hazijanitoka. Nilikwenda juzijuzi, saa kumi alasiri.

Tatizo kioo. Fremu karibu zote zimetiwa kioo cha dirishani, kile kinachorudisha kama asilimia 8 ya mwanga, na ukuta mkuu unatazamana na madirisha ya magharibi. Picha nyeupe inavumilia. Picha ya mlango wa msaji, nyeusi tii, haivumilii: yungiyungi, magamba ya samaki, mnyororo uliochongwa ukingoni, vyote vimezama. Unaona dirisha na shati lako.

Nikamweleza kijana wa zamu. "Sogea pembeni, mzee, utaona." Uzee tuuache. Lakini mlango wa nakshi unatazamwa kutoka katikati, uso kwa uso na mfaa, ule mti wa katikati unaotenganisha mbao mbili. Ukisogea pembeni mistari inabanana, ubao wa kushoto haufanani tena na wa kulia, na huko kufanana ndiko tulikoitiwa!

Dawa yake haina gharama. Pazia jepesi lingetosha. Au shusha ndoano za nyuma hadi theluthi moja chini ya ukingo wa juu, fremu itainama mbele kidogo na kioo kitaakisi sakafu. Au hamishia picha za giza ukuta wa ubavuni.

Baya zaidi, hawakuweka kadi ya kutenga picha na kioo. Karatasi ya picha ikigusana na kioo katika unyevu wa pwani, uso wake unalainika na kuganda. Mbili tayari zina mabaka kama tone la mafuta. Atakayezibandua atabandua na rangi. Kadi ya milimita 2 tu, jamani.

Nyota moja. Basi nikafika mlango wa kutokea, nikakuta mbili zisizo na kioo: nanasi, na dari ya boriti za mikoko. Zote zimepigwa kwa mwanga wa ubavuni, kila jicho la nanasi lina kivuli chake, mpaka unahesabu safu zinazozunguka: 8 upande huu, 13 upande ule. Boriti zimepinda kila moja kivyake, ila nafasi kati yake hazikosei. Hizo mbili nyota tano.

Kwa hiyo tatu. Nendeni asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili, na anzieni mlango wa kutokea.