O/D kwenye pikapu ya dizeli: uiache au uizime?
Kwenye pikapu ya dizeli ya otomatiki yenye gia nne, O/D (overdrive) ndiyo gia ya nne, ile ya juu kabisa. Barabara tambarare, mzigo mwepesi, mwendo wa 80 na zaidi: iache. Injini huzunguka taratibu, mafuta hudumu.

Mlima Kitonga ukiwa na tani moja nyuma ni habari nyingine. Ukiiacha, giaboksi itahangaika kati ya tatu na nne, na oili yake itapata moto kupita kiasi. Izime mapema, kabla ya kona za kwanza. Kushuka ndiko faida ilipo hasa: injini husaidia kulishika gari, breki zikapumua. Mteremko ukizidi, weka 2.

Kwenye Toyota, taa ya O/D OFF ikiwaka tu si hitilafu. Ikipepesa, tafuta fundi.