Gereji ya Mwanga, Kigoma: pembe za ekseli na propela kwenye Land Cruiser iliyoinuliwa

Wenye Land Cruiser zilizoinuliwa mkoani Kigoma wana sababu ya kuifahamu gereji ndogo iliyopo Mwanga, ambako fundi hupima kwanza ndipo afungue bolti. Gari langu ni la mfululizo wa 70, lenye koili mbele na springi za mabapa nyuma, na liliinuliwa inchi 2 katika gereji nyingine ambayo, baada ya kubadilisha springi na shokomzoba, iliongeza kabari za chuma kwenye ekseli ya nyuma. Tangu hapo usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi na haukurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye lami ya Kasulu sakafu ilivuma kila mwendo ulipokaribia kilomita 80 kwa saa.

Gari lilipimwa likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wake wa kawaida, kwa kuwa ekseli inayoning'inia kwenye jeki haina pembe iliyo nayo barabarani. Kipima nyuzi za pembe kiliwekwa kwenye flanji (sahani ya kuungia) ya transfa, yaani gia inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwenye propela, yaani shafti inayopeleka nguvu hiyo kwenye ekseli, kisha kwenye flanji ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli, na kosa likaonekana papo hapo: kabari zilikuwa zimeinua pua ya difu, pale propela inapoungana nayo, hadi ikaielekea transfa moja kwa moja. Mpangilio huo unafaa propela yenye krosi (kiungo kinachoiruhusu kupinda) mbili zilizounganishwa upande wa transfa. Yangu ina krosi moja kila mwisho, nayo huhitaji flanji hizo mbili ziwe sambamba. Krosi iliyopinda huifanya propela iongeze na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili ikiwa na pembe sawa huyafuta mabadiliko hayo, na isipokuwa sawa, tofauti inayobaki ndiyo huo mvumo. Kabari zilitolewa, na mvumo ukaisha. Kabla ya kuchomoa propela, fundi aliitia alama za rangi nyeupe ili irudi kwenye meno yale yale, jambo ambalo mafundi wengi hawajishughulishi nalo.

Mbele ilibidi kuchagua. Gari likiinuliwa, mikono inayoshika ekseli huinama na kuizungusha, kasta (mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia) ikapungua, na ndiyo maana usukani haurudi. Bushi za viungo vya mikono hiyo zenye tundu lililosogezwa pembeni huirejesha kasta, lakini hushusha pua ya difu ya mbele na kuzidisha pembe ya krosi. Fundi alilieleza hilo waziwazi, akapendekeza usukani upewe kipaumbele, kwa kuwa loki zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli zikifunguliwa propela ya mbele haizunguki kwenye lami. Naona alikuwa sahihi, ingawa kwa Defender, ambayo propela yake ya mbele huzunguka wakati wote, hesabu ingekuwa nyingine.

Upungufu upo. Bushi huagizwa Dar es Salaam na mteja hapewi tarehe ya kueleweka, stakabadhi huchanganya bei ya vipuri na ya ufundi, na habari ya kukaza tena yubolti za nyuma (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) baada ya kilomita mia chache niliipata kwa kuuliza mwenyewe, wakati ilipaswa kuandikwa kwenye stakabadhi hiyo hiyo.