Miongozo ya Dawa ya FAA kwa Marubani: Ya Bure, Mikali, na Inayotegemewa

Rubani wa Marekani aliyeandikiwa dawa mpya ana njia kadhaa za kujua kama ataruhusiwa kuruka nayo, na kwa maoni yangu bora kuliko zote ni miongozo ambayo mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, imeiweka kwenye tovuti yake bila malipo. Kuna mwongozo mfupi wa dawa zinazonunuliwa bila cheti cha daktari, unaosomeka kwa urahisi, na kuna ule mrefu wa madaktari wanaopima marubani, wenye orodha ya dawa zinazozuia kupewa cheti cha afya na zile ambazo anayezitumia hapaswi kuruka.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba rubani anatakiwa kuanza na ugonjwa wenyewe kabla ya dawa, kwa kuwa kanuni ya 61.53 ya FAA inamkataza kurusha ndege akiwa na hali ya kiafya isiyokidhi masharti ya cheti chake, hata kama kidonge alichomeza hakina madhara. Kisha huja suala la muda: kwa dawa nyingi zinazolevya au kusinzisha, husubiriwa mara tano ya kipindi kirefu zaidi kati ya dozi na dozi, hivyo dawa inayomezwa kila baada ya saa 4 hadi 6 humweka rubani chini kwa saa 30. Difenhidramini, iliyomo katika dawa nyingi za mafua na usingizi, inahitaji saa 60. Wengi hudhani kwamba usingizi ukiisha dawa nayo imekwisha, na dhana hiyo ni ya hatari kweli. Kwa mzio, loratadini na feksofenadini kwa kawaida hukubaliwa iwapo hazimletei mtumiaji madhara, lakini setirizini haikubaliwi.

Kasoro kubwa ni kwamba mwongozo mrefu umeandikwa kwa lugha ya kitabibu, na dawa kutokuwemo katika orodha ya makatazo hakumaanishi kwamba imeruhusiwa. Kanzidata ya dawa ya AOPA, chama cha wamiliki wa ndege na marubani cha Marekani, inayohitaji uanachama, hutafutika kwa jina la dawa kwa haraka zaidi, ila si kauli rasmi ya mamlaka. Kwa dawa za shinikizo la damu, kisukari au sonona, daktari wa anga aulizwe kabla ya dozi ya kwanza. Rubani mwenye leseni ya Tanzania au Kenya naye amuulize daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya nchi yake, kwani orodha hizi za Marekani hazimpi ruhusa yoyote huko.