Flashi, hadidiski au SSD: ununue ipi kubebea hazina yako ya Git hapa Dar

Kuna siku bando linakata ukiwa katikati ya kupandisha kazi. Kuna siku umeme unakatika na rauta ya ofisi inalala nao. Na kuna mteja asiyetaka msimbo wake ukae kwenye seva ya mtu mwingine. Git, programu ya kutunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, tangu Linus Torvalds alipoitoa mwaka 2005, haijawahi kulazimisha intaneti: hazina iliyo kwenye kifaa cha USB inapokea na kutoa kazi kama seva yoyote.

Ukifika Kariakoo muuzaji atakuuliza, "GB ngapi, kaka?" Kwa kazi hii hilo ni swali la mwisho. Miradi mingi ya msimbo haifiki hata GB 5. Ila hazina ya Git ni maelfu ya vifaili vidogo vidogo, na kifaa kinachonakili filamu moja haraka kinaweza kukwama kabisa kikipewa vifaili elfu kumi. Mpangilio wangu unafuata hilo.

1. SSD ya inchi 2.5 ndani ya kesi ya USB

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. Unanunua SSD (diski ya chipu) yenye kiunganishi cha SATA, unanunua kesi yake tupu, unachomeka mwenyewe. Kesi ikifa unabadilisha kesi tu, data iko salama. Ukipata SSD iliyotolewa kwenye laptopu ya mtumba, mwombe fundi aifungue kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, mbele yako, uone asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Akikataa, nenda duka la jirani.

2. SSD ya nje iliyokamilika kiwandani

Ndogo, haina kinachozunguka ndani, inastahimili kudondoka kwenye daladala. Ni ghali zaidi kwa nafasi ileile, na ikiharibika mlango wa waya ni shida kuifungua. Mwenye fedha achukue hii.

3. Hadidiski ya nje

Kwa nakala inayokaa nyumbani kabatini, sawa. Kwa kubeba kila siku, hapana: ndani kuna sahani inayozunguka, na kuidondosha mara moja ikiwa inafanya kazi kunatosha kuiua.

4. Flashi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko wengi wanakopotezea kazi.

Niliwahi kununua flashi ya GB 256 kwa bei ya kutupa. Wiki mbili ilifanya kazi vizuri. Kisha nikaendesha `git fsck`, amri inayokagua uzima wa hazina, na mistari ya "missing blob", yaani yaliyomo ya faili yaliyopotea, ikaanza kushuka. Chipu ya ndani ilikuwa ndogo mno; kidhibiti chake kilikuwa kimepangwa kudanganya kompyuta kuhusu ukubwa. Ukipita ukubwa halisi, kinapokea faili, kinasema sawa, na hakuna kilichohifadhiwa. Kazi ya siku tatu ya mwenzangu ilikuwa humo peke yake, na hadi leo inaniuma.

Kwa hiyo nenda na laptopu yako. Endesha H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: programu hizi hujaza flashi yote kisha husoma kila zilichoandika. Flashi kubwa huchukua saa nzima au zaidi, basi kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba ikifeli unairudisha, na risiti iandikwe hivyo.

Chungulia pia mdomo wa flashi. USB 2.0 ina vibati vinne tu. USB 3.0 ina vingine vitano nyuma yake. Rangi ya bluu peke yake usiiamini, plastiki ya bluu yeyote anaweza kuiweka.

Memori kadi na adapta yake sijaipa namba. Usiitumie kwa kazi hii.

Ukishanunua

Usinakili folda nzima ya mradi kila jioni. Tengeneza hazina tupu kwenye kifaa kwa `git init --bare`, iongeze kama rimoti (mahali Git inapopelekea kazi), kisha `git push`. Git itapeleka yale tu ambayo hayamo kwenye kifaa.

Kama unahama kati ya Windows na Linux, fomati kwa mfumo wa faili wa exFAT, maana ule wa FAT32 haupokei faili inayofika GB 4. Kwenye exFAT Git inaweza kugoma ikidai haijui mwenye folda. Ulinzi huo uliongezwa 2022, na unaondolewa kwa kuitaja folda hiyo kwenye mpangilio wa Git uitwao `safe.directory`. Ukitumia Linux peke yake, chagua ext4, ina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko, linaloisaidia kusimama tena umeme ukikatika. Kifaa kinachosafiri kifunge kwa nywila, kwa BitLocker ya Windows au LUKS ya Linux, maana mfuko wa suruali kwenye mwendokasi si mahali pa kuuamini.

Kila Ijumaa endesha `git fsck` ndani yake. Neno "dangling" lisikutishe, ni mabaki ya kawaida. Ukiona "missing" au "corrupt", acha kuandika humo na uchukue nakala ya pili.