Warsha ya ufundishaji kwa wahadhiri, Kilimani, Nairobi: siku mbili za kwanza zina thamani

Nimefundisha takwimu chuo kikuu miaka 11 na hakuna mkubwa wangu aliyewahi kuketi nyuma ya darasa anitazame. Fomu ya tathmini huuliza nimechapisha makala ngapi, basi. Ndiyo maana mwezi Aprili nilitoa shilingi 14,000 zangu mwenyewe nikaenda warsha hii ya siku tatu.

Tulikuwa 12. Siku ya kwanza kila mtu alifundisha dakika 10 huku akirekodiwa, kisha mwezeshaji akaketi nawe kando mkaitazama video. Mimi nilifundisha jinsi ya kupima mtawanyiko wa alama. Mara nne niliuliza, "Tuko pamoja?" na mara nne nikaendelea kabla mtu hajavuta pumzi. Mwezeshaji hakunisema. Alirudisha video nyuma, akanipa simu yake nipime kile kimya. Sekunde 1. Akanieleza kwamba Mary Budd Rowe wa Marekani alilipima jambo hilo hilo miaka ya 1970: walimu wengi walisubiri kama sekunde 1, na waliposubiri 3 au zaidi, wanafunzi walijibu kwa kirefu, hata wale wanyamavu.

Siku ya pili tulipitia mitihani yetu. Maswali yangu 7 kati ya 10 yalitaka fomula iliyokaririwa tu. Iliniuma, kwa sababu mwaka 2029 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi (CBC), unaosisitiza kutenda kuliko kukariri, linatarajiwa vyuoni, na wengi wetu tuna uzamivu bila hata wiki moja ya mafunzo ya ualimu.

Siku ya tatu waiondoe. Tulisomewa slaidi za kupandishwa cheo hadi saa kumi jioni. Cheti nacho kilichukua wiki saba na simu tano, na kuna wenzangu waliokihitaji kwenye faili zao.

Jumatatu iliyofuata, mbele ya wanafunzi 240, niliuliza swali nikahesabu hadi tano moyoni. Binti wa safu ya nyuma akainua mkono: "Daktari, mbona kwenye mtawanyiko tunagawanya kwa 29 na watu tuliowapima ni 30?" Tulikaa na swali hilo nusu saa nzima.

Ukienda, beba mtihani uliokwisha kuutoa, si wa kujipamba. Na video yako uichukue kwenye flashi kabla hujaondoka. Mimi ilibidi nirudi kuichukua siku nyingine.